Mdomo wa Chini Ulionipeleka Moshi

Watu wa Dar es Salaam wengi hufika Moshi kwa mara ya kwanza kwa sababu zinazojulikana: wameolewa huko, wamefiwa huko, au ni Desemba na rafiki Mchaga amewachukua waende naye "kuhesabiwa". Mimi nilipelekwa na mdomo wa chini.

Ulikuwa ukibanduka. Sisemi ule ukavu wa Julai ambao mtu hupaka mafuta usiku na asubuhi akasahau. Huu haukuwa na msimu. Ngozi ilikuwa inajitengeneza, inakakamaa, katikati inakuwa na rangi ya njano iliyofifia, kisha kingo zinanyanyuka na kutoka vipandevipande. Chini yake kunabaki nyama nyekundu isiyotaka kuguswa hata na chai ya uvuguvugu. Siku chache baadaye ngozi mpya nayo imeshakauka, kingo juu. Mdomo wa juu ulikuwa na nafuu kidogo. Wa chini, hasa upande wa kushoto, ulikuwa haupumziki.

Mimi ni fundi cherehani, na kazi hii haina mahali pa kuficha uso. Unapima kifua umesimama pua kwa pua na mteja, unapima pindo umepiga magoti na yeye anakutazama kutoka juu. Na mjini kwetu midomo myekundu iliyochubuka ina tafsiri zake: gongo, mkorogo, au ule ugonjwa ambao watu hawautaji ila wanapunguza sauti. Mama mmoja mtu mzima, mteja wangu wa miaka, alinishika mkono akaninong'oneza, "Mwanangu, pombe za vichochoroni waachie wenyewe." Gongo sijawahi hata kuinusa vizuri. Nikamwambia ahsante mama, nikaendelea kukata gauni lake, maana ukianza kujitetea ndiyo umethibitisha.

Dawa za midomo ni kama dawa za kwikwi, kila mtu anayo yake. Duka la dawa la kwanza lilinipa vidonge vya B-kompleksi, la pili dawa ya fangasi, la tatu krimu ambayo ilinituliza kwa siku chache kisha mdomo ukarudi na hasira mpya. Majirani walileta asali, mafuta ya nazi, tango, na mmoja akashauri nisugue kwa mswaki na sukari ili "uchafu wote utoke". Uchafu wenyewe ulikuwa ngozi yangu. Mwishowe muuguzi mmoja aliyekuja kuchukua sare zake aliniangalia kwenye kioo cha kujipimia, akauliza kama nina ndugu Moshi. Nikamwambia shangazi yangu ameolewa huko. "Basi mtembelee," akasema. "Na ukifika, pita hospitali ya KCMC, kitengo cha ngozi. Pale ndipo wanapofundishwa wanaotibu ngozi za watu nchi nzima." Madaktari wa ngozi Dar wapo pia, sikatai. Ila shangazi alikuwa amelalamika muda mrefu kwamba sijawahi kukanyaga kwake, na mimi nilikuwa nimechoka kutazamwa.

Basi liliondoka Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, kabla jua halijachomoza. Pembeni yangu alikaa mzee wa Kipare aliyestaafu kazi ya reli, anashukia Same. Nilimwamkia, akaitikia, na kutoka hapo akawa mwenyeji wangu wa barabara nzima. Kupitia kwake nilijua tumevuka Wami, kwamba Segera ndipo njia ya Tanga inapoagana na ya Moshi, na kwamba mashamba ya mkonge ya Korogwe yana mizizi yake kwa Mjerumani aitwaye Richard Hindorf, aliyeuleta mmea huo mwaka 1893. Mimi nilitazama ile mistari iliyonyooka nikafikiria kamba na magunia, uzi mgumu usioingia kwenye sindano yoyote ninayoimiliki.

Kilichonitesa Korogwe ni madirisha. Basi linaposimama tu, mikono inapanda: machungwa yaliyokwisha kumenywa, korosho za kukaanga zenye chumvi, mahindi ya kuchoma yaliyopakwa ndimu na pilipili. "Chungwa dada, sukari hii!" Chumvi, ndimu, pilipili: barabara nzima inalishwa kwa vitu vitatu nisivyoweza kuvikaribia. Nilikuwa na andazi nililolichovya kwenye chai iliyopoa. Mzee akanunua machungwa, akanikatia nusu, na kwa adabu za safari kukataa chakula cha mzee ni jambo zito. Ikabidi niseme, "Samahani baba, mdomo unaniuma." Aliutazama waziwazi, bila kupepesa, kwa namna ambayo nilikuwa sijatazamwa muda mrefu. Hakuuliza ninakunywa nini. Akasema tu, "Tukipita Mkomazi jifunge mtandio. Upepo wa huko kwetu hauna huruma."

Na kweli. Baada ya Mombo, mahali magari ya Lushoto yanapokunja kupanda milimani, nchi inabadilika ghafla. Kulia milima ya Usambara, halafu ya Pare, kijani na ukungu kileleni. Kushoto uwanda mkavu wa vichaka na miiba, vumbi linalotembea peke yake. Mvua yote inaishia juu kule. Hedaru, Makanya kunakochimbwa jasi, kote huko hewa iliingia dirishani kavu na moto, nikaanza kujisikia kitu ambacho Dar kwenye unyevu wa bahari kilikuwa hakinijii akilini: ulimi wangu ulikuwa unatoka wenyewe. Unapita mdomo wa chini kushoto kwenda kulia, unarudi ndani, na baada ya muda mfupi sana unatoka tena. Nilijaribu kuuzuia nikitazama vibao vya hamsini vya barabarani. Kati ya kibao na kibao ulishatoka. Pale Same mzee aliposhuka, akinialika nikipona nirudi nile tangawizi ya milimani kwao, nilikuwa nimefunga mtandio hadi chini ya macho na bado ulimi unafanya kazi nyuma ya kitambaa.

Mlima Kilimanjaro sikuuona siku hiyo. Mawingu yalikuwa yameukalia. Shangazi alinipokea stendi, akanitazama, akasema, "Kumbe ndiyo maana simu zako siku hizi hazina video." Tukaenda kwake Majengo.

KCMC ilifunguliwa mwaka 1971, na kituo chake cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilianza mwaka 1992. Tangu hapo kimekuwa kikipokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika, wengi wao watumishi wa afya wanaorudi makwao kuwa tegemeo pekee la wilaya nzima katika mambo ya ngozi. Haya niliyapata nikiwa kwenye benchi, maana foleni ya ngozi ina maongezi kuliko foleni nyingine zote. Wagonjwa hawajalala, wana nguvu zao, ila wanajikuna.

Jirani yangu wa benchi alikuwa kijana mwenye ualbino, kofia pana, shati la mikono mirefu. Naye alikuwa amekuja na mdomo wa chini. Wake ulikuwa umepauka, mpaka kati ya mdomo na ngozi ya kidevu umefutika, na pembeni kulikuwa na kidonda kidogo kilichogoma kupona. Alinieleza kwa utulivu wa mtu aliyeshazoea: mdomo wa chini ndio unaolitazama jua, na asiye na rangi ya kumkinga hapigwi jua kidogo kidogo, anapigwa lote. Kidonda cha namna yake madaktari hawakipuuzi, kwa kuwa kinaweza kuwa mwanzo wa saratani. Ndiyo maana hukatwa kinyama kidogo kikapimwa. Mkobani alikuwa na chupa ya Kilisun, mafuta ya kukinga jua yanayotengenezwa hapohapo Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino. Alinionyesha kwa fahari kidogo. Mimi niliyekuwa nimekuja na huzuni ya kutazamwa na wateja nilinyamaza.

Daktari alikuwa dada wa makamo, pembeni yake mwanafunzi kutoka Malawi aliyekuwa akijitahidi kwa Kiswahili cha darasani. Nilitegemea ataushika mdomo, aandike dawa, niondoke. Kumbe aliuliza kwanza, na aliuliza kama hakimu. Unatumia dawa gani ya meno, ina mnanaa? Mdalasini? Rangi ya mdomo? Lipshaini yenye harufu? Embe unakula vipi, unaliuma na ganda? Nilicheka, akasema hatanii: ganda la embe na utomvu wake vina kitu kinachoweza kuunguza midomo ya baadhi ya watu, na mwembe na mkorosho ni wa ukoo mmoja. Pembe za mdomo zinapasuka? Hazipasuki. Zingepasuka, akamwambia mwanafunzi, ningefikiria fangasi au upungufu wa damu. Halafu: "Kazi yako?"

"Fundi cherehani."

Alimtazama mwanafunzi. "Una vifaa vyako hapo?"

Fundi hasafiri bila kijikopo cha pini na kibonge cha uzi. Akanipa shuka la kitandani, akasema nilipige pindo kama ningekuwa kazini. Nikakunja, nikanyoosha kwa kucha, nikamimina pini mkononi na, kama nilivyofanya tangu nilipokuwa mwanagenzi, nikazipanga mdomoni. Pini nne, vichwa nje, zimebanwa kati ya midomo upande wa kushoto. Nikachomoa moja, nikachomeka kwenye shuka. Nyingine. Kisha nikachukua sindano, nikalamba ncha ya uzi, nikaiminya kwa midomo ichongoke, nikaipitisha tunduni. Nilipoinua macho chumba kilikuwa kimya na yule mwanafunzi ameacha kuandika.

Daktari hakusema kitu. Alichukua kijiti chenye pamba, akakidondoshea dawa kutoka kwenye vichupa viwili, akakisugua juu ya pini yangu moja. Pamba ilikuwa nyeupe. Taratibu ikaanza kushika rangi ya waridi, kwanza doa, halafu ncha yote. "Nikeli," akasema. Pini nyingi za ushonaji ni chuma kilichopakwa nikeli ili king'ae na kisishike kutu, na nikeli ni miongoni mwa vitu vinavyoongoza duniani kwa kuwapa watu mzio wa kugusa. Aliniuliza kama heleni za bei nafuu huniwasha. Zilikuwa zinaniwasha tangu shule. Sikuwahi kuoanisha masikio na mdomo.

Alinieleza kwamba kipo kipimo kamili: vitu vinavyoshukiwa vinabandikwa mgongoni kwa saa 48, vinabanduliwa, ngozi inasomwa, na inasomwa tena siku moja au mbili baadaye kwa kuwa mzio wa aina hii unajichelewesha. Lakini kwanza alitaka aone mdomo utafanyaje pini zikiondoka. Na akaniambia pini si mhusika peke yake. Ngozi ya mdomo ni nyembamba mno, haina tezi za jasho kama ngozi ya mkono, haina akiba. Mate yanapokauka juu yake yanaondoka na unyevu wake, na ndani ya mate mna vimeng'enya vya kusagia chakula ambavyo havichagui mkate na mdomo. Inakauka, unalamba. Inanyanyuka, unaivuta kwa meno. Ngozi inayokuja juu ya jeraha inakuja kwa haraka, haijakomaa, nayo inanyanyuka mapema zaidi. Pini zilianzisha, ulimi ukaendeleza. Kwa hiyo hata ningezitupa pini leo na nikabaki na ulimi ule, ningerudi Dar vilevile.

Dawa aliyoandika ilikaribia kunikatisha tamaa. Marhamu ya hidrokotisoni, kidogo, kwa siku chache tu. Dawa ya meno isiyo na ladha kali wala povu jingi. Na mafuta ya mgando, yale ya kopo, yasiyo na harufu, mara kwa mara mchana kutwa. Nauli yote ile, nikajisemea, nije kuandikiwa mafuta ya mtoto mchanga. Asili yake ni mabaki ya visima vya mafuta vya Marekani. Robert Chesebrough alipata hataza yake mwaka 1872 baada ya kuona wachimbaji wakiyapaka kwenye majeraha, na siri yake ni kwamba hayafanyi karibu chochote zaidi ya kuziba unyevu usitoke. Mdomo wangu ulikuwa umefanyiwa mengi mno. Sharti gumu lilikuwa la mwisho: nisibandue. Kipande kikining'inia, nikate kwa mkasi mdogo, nisivute. Nirudi baada ya wiki.

Wiki ya fundi asiye na kazi ni ndefu. Shangazi alinilisha mtori asubuhi na jioni, ndizi na nyama vilivyopondwa hadi vikawa laini, uliopozwa na kupunguzwa chumvi, na nadhani hakuna chakula duniani kilichobuniwa kwa hisani zaidi ya mdomo ulioharibika. Mchana nilitembea. Mjini nilisimama mbele ya mafundi waliopanga cherehani zao barazani mwa maduka, nikawatazama kama mpelelezi. Karibu wote walikuwa na pini mdomoni na midomo yao mizima kabisa. Hilo liliniudhi zaidi ya nilivyotegemea. Mzio hauna haki, unachagua mmoja kati ya wengi na hauelezi.

Mtoto wa jirani, mgumu anayebeba mizigo ya watalii mlimani, alirudi katikati ya wiki na midomo iliyopasukapasuka, amepaka kitu cheupe. Kule juu, karibu na mita 5,895 za kilele cha Uhuru, hewa ni kavu, baridi inakata, na jua lina makali kwa kuwa anga la kulichuja limepungua. Tukawa wawili barazani, tumepaka mafuta, hatucheki sana maana kucheka kunapasua. Siku chache baadaye yeye alikuwa amepona kabisa na anatafuta kundi lingine la kupanda nalo. Ngozi yake ilikuwa imeumia, ikajitengeneza, imekwisha. Nilimwonea wivu.

Kwangu mambo yalianza kuwa mabaya kwanza. Nilipoacha kubandua, gamba lilinenepa. Lilikaa katikati ya mdomo wa chini, gumu, la njano, likinivuta nikizungumza, na mikono yangu isiyo na kazi ilikuwa inapanda yenyewe kulitafuta. Usiku nililala nimevaa soksi mikononi, shangazi akacheka hadi akakaa chini. Kisha asubuhi moja nikinawa, gamba likatoka lenyewe kwenye kitambaa chenye maji, lote kwa pamoja, bila damu. Nilikimbilia kioo. Chini hapakuwa na nyama nyekundu. Palikuwa na ngozi nyororo inayong'aa, nyepesi kwa rangi kuliko mdomo wangu wa zamani, na nilipoibana niliona vile vimistari vya wima ambavyo kila mdomo unavyo na ambavyo wangu ulikuwa umevipoteza. Nilimwita shangazi aje avione. Aliangalia, akasema haoni kitu.

Asubuhi hiyohiyo mlima ulitoka. Shangazi alikuwa amenielekeza niutafute juu ya paa za Majengo, na mimi nilikuwa nautafuta chini sana. Haukuwa pale. Ulikuwa juu ya mahali ambapo nilidhani ni mawingu.

Kwenye kliniki daktari aliugeuza mdomo kwa glovu, akamwachia mwanafunzi naye autazame. Ulikuwa haujapona wote, upande wa kushoto uliendelea kutoa vigamba vyepesi, na alinionya kwamba itachukua muda na kwamba nitateleza. Nilimwuliza nitashonaje. Akacheka, akasema huo ni ufundi wangu, si wake.

Nimejitengenezea kimto cha pini cha kuvaa kifundoni mwa mkono, kama saa. Pini zinazoanguka naziokota kwa sumaku. Uzi nauingiza kwa kile kiwaya chembamba kinachouzwa Kariakoo kwa bei ya pipi, na ncha yake naikata mshazari kwa mkasi badala ya kuilamba. Miezi ya mwanzo kasi yangu ilipungua, na mkono ulikuwa ukipanda mdomoni na pini kabla sijajua. Upepo wa kusi ukianza, mstari mwembamba hubabuka pale kushoto. Napaka mafuta, naacha.

Karakana nzima ilinicheka. "Fundi gani asiyeshika pini mdomoni?" waliuliza, na wanagenzi wangu, ambao wamejifunza kila kitu kutoka kwangu, pini zao ziko midomoni hadi leo na midomo yao haina hata mkwaruzo. Nilipowasimulia ile pamba iliyogeuka waridi, mmoja wao, binti mkimya anayeshona zipu vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua, alisubiri wenzake watoke kwenda kula. Akapandisha blauzi kidogo. Chini ya kitovu, mahali hasa kifungo cha jinzi kinapokaa, alikuwa na duara jeusi lililokakamaa, limekunwa hadi lina michubuko.

"Dada, na hili je?"

Nikamwambia avue hiyo suruali. Tukatafuta kipande cha pamba nzito kwenye mabaki, nikakikunja mara mbili, nikakishona nyuma ya kifungo, mishono midogo ya mkono pande zote nne, ili chuma kisiguse ngozi.